Mtani Aliyeteka Sufuria la Msiba

Juzi, katika kikao cha wazazi hapa Kilole, mwalimu alitueleza kwamba picha za kupigana na kuuana ndizo zinazowaharibu watoto wetu, akauliza kama kuna mzee mwenye la kuongeza. Nikasimama. Mimi sihitaji kuombwa mara mbili. Nilianza na kisomo cha watu wazima chini ya kandili, nikaendelea na masomo ya jioni Korogwe mjini mpaka nikamaliza kidato cha nne, na mwaka niliofanya mtihani wa mwisho binti yangu alikuwa akifanya wa darasa la saba. Asubuhi tulikuwa tukinyang'anyana kalamu. Kwa hiyo maneno ninayo, hata ya kumgawia jirani. Lakini siku hiyo nilifungua kinywa, nikaona sufuria la wali, nikaona mkono wa shemeji yangu, nikakaa. Watu wakadhani ni kiuno.

Nitaeleza hapa nilichoshindwa kueleza pale, ingawa sina hakika kama nikimaliza nitakuwa nimekielewa.

Wakati ule tulikuwa upande wa Handeni, katika kijiji cha ujamaa kipya kiasi kwamba hata mbwa walikuwa bado wanapotea njia ya kurudi nyumbani. Nyumba zilipangwa mstari kama wanafunzi wa paredi. Ya kwetu ilikuwa karibu na ya dada yangu mkubwa, aliyeolewa na Mnyamwezi. Huyo shemeji alikuwa amekuja kukata mkonge kwenye mashamba ya Korogwe, akakata mpaka viganja vikawa na sugu za kushika kaa la moto, kisha akamwona dada sokoni akasahau njia ya kurudi Tabora. Tulipohamia kijijini akaja naye, akagawiwa kiwanja na shamba kwa sababu ya mkewe. Wapo wazee walionung'unika kwamba mgeni amepewa udongo mzuri kuliko wenyeji. Udongo wenyewe ulikuwa mwekundu na mgumu kama tofali, lakini mtu akitaka kunung'unika hakosi neno.

Sasa, sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Asiyejua utani nimweleze kidogo. Mtani wako anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo. Ukifiwa, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuleta kicheko: atavaa kanga za marehemu aigize mwendo wake, atajilaza kaburini akatae kutoka mpaka apewe kuku. Na hashtakiwi. Akikukosea unacheka; ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Kijiji kizima Mnyamwezi alikuwa mmoja tu, kwa hiyo misiba yote ilikuwa yake. Alifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko alivyokata mkonge. Msiba mmoja alitoweka na suruali ya mwenyekiti wa kijiji, iliyokuwa imeanikwa, akairudisha siku ya tatu akiwa ameivaa.

Ndipo likaja gari la sinema kutoka wilayani. Lilitimua vumbi ambalo naamini mpaka leo halijatua lote. Watu walikaa chini uwanjani mara baada ya kufuturu, maana ilikuwa Ramadhani, na shuka jeupe likatundikwa. Kwanza wakatuonyesha namna ya kuchimba choo. Tukapiga makofi kwa adabu. Kisha ikawekwa picha ya kuburudisha: wanaume wenye kofia pana kama ungo, juu ya farasi, wanapigana risasi tangu mwanzo mpaka mwisho. Kiingereza kilimiminika kwa muda mrefu, na yule bwana wa kipaza sauti akatafsiri, "Anasema hataki." Kikamiminika tena. "Bado hataki."

Shemeji, aliyeona picha nyingi Korogwe mjini, ndiye aliyetufundisha neno stelingi. Stelingi ni yule mkuu wa picha, ambaye wengine wote wapo kwa ajili ya kupigwa naye. "Na kanuni ni moja," alisema. "Stelingi hafi. Mkimwona anakufa, jueni mashine imeharibika."

Bibi mmoja jirani yetu, aliyekula chumvi ya gunia zima, alikuwa amekaa kati yangu na dada. Watu walianguka kwenye shuka kama mahindi wakati wa kuvuna. Yeye akaniuliza, "Hawa waliokufa, msiba wao uko wapi?"

"Ni picha tu, bibi."

"Picha naiona. Nauliza nani anawachimbia. Amekufa mtu, mwenzake anapanda mnyama anaondoka, hata kugeuka hageuki."

Shemeji akamjibu kutoka nyuma, "Wale hawana watani, bibi. Nani angekaa nao?"

Bibi akatikisa kichwa, akasema basi hiyo ndiyo sababu wanauana ovyo. Kwa elimu yangu ya kisomo nilicheka sana. Siku hizi sicheki.

Gari likaondoka, stelingi akabaki. Vijana wote walianza kutembea miguu imetanuka kana kwamba wametoka jandoni jana. Ukienda kisimani, mtu anatokea kichakani: mikono juu. Ukichota mahindi, mikono juu. Mwenyekiti alipoitisha kura ya shamba la pamoja akasema kwa bahati mbaya, "Wanaokubali, mikono juu," na kijiji kizima kikainua mikono yote miwili, hata wasiokubali. Hoja ilipita kwa kura mara mbili ya idadi ya watu.

Kati ya vijana hao alikuwamo mgambo mmoja, mwenzangu wa kisomo, kijana mpole wa kuandika herufi kubwakubwa. Mwaka wa kuhama alikuwa katika kikosi kilichopita kwenye makazi yetu ya zamani kikiezua mapaa ya waliochelewa kuondoka. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliochelewa. Hilo hatukulizungumza naye. Tulikuwa tunasoma kitabu kimoja, yeye anafunua ukurasa, mimi nasoma.

Idi ilipopita, bibi yule akafariki. Alifariki vizuri, usingizini. Siku ya tatu kulikuwa na kisomo cha dua na mbuzi kwa wali, na akina mama walikuwa uani wakipika, nyuma ya ua wa mabua. Sote tulikuwa tunasubiri shemeji atakuja na kituko gani.

Akaja. Kitambaa chekundu usoni, ungo kichwani badala ya kofia, na mkononi bastola, yaani muhogo uliopinda ambao ameupaka masizi. Akaingia uani miguu imetanuka.

"Mikono juu," akasema. "Sufuria hili nimeliteka. Lisipokuja jogoo kulikomboa, marehemu wenu hatapata dua wala nyinyi hampati ukoko."

Akina mama wakainua mikono na miiko yao, mchuzi ukiwachirizikia viwikoni, wanacheka mpaka wanakaa chini. Binti wa marehemu, aliyekuwa hajala tangu siku ya msiba, alicheka hadi akashika nguzo. Akamwambia, "Chukua na mbuzi, jambazi wee, utuachie pumzi." Mimi nilikuwa nachanja kuni. Nilifikiri, leo shemeji amefika kilele.

Mgambo akatokea juu ya ua. Sisemi mlangoni; juu. Aliruka yale mabua kama alivyoruka stelingi juu ya boma la farasi, rungu mkononi, akatua, akapiga. Shemeji alikuwa amenyoosha mkono wenye muhogo. Mfupa ulilia kama bua la mtama. Muhogo ukadondoka ndani ya wali.

Nakumbuka kicheko kiliendelea kwa muda. Hiyo ndiyo inayonisumbua. Tulidhani ni sehemu ya mchezo. Shemeji mwenyewe alipoanguka, mama mmoja alimpigia vigelegele. Ni dada peke yake aliyeacha mwiko na kukimbia.

Tukampakia kwenye lori la mahindi mpaka hospitali Korogwe, akarudi na mkono umefungwa hogo, ile plasta nyeupe, kutoka begani hadi vidoleni. "Nilikwenda na muhogo," aliwaambia waliokuja kumpa pole, "nimerudi na hogo." Lakini hakusema kwa furaha yake ya zamani, na mvua zilikuwa zinakaribia.

Kesi ikakaa ofisi ya kijiji, ambayo ilikuwa pia ghala la mahindi, kwa hiyo tulikalia ushahidi wa kazi yetu. Mwenyekiti akafungua.

"Ndugu wananchi, tunataka kujua jambo moja. Aliyevunja mkono huu ni mgambo au ni sinema?"

Baba yake mgambo akasimama. "Sinema. Mwanangu kabla ya lile gari hakuwahi kuruka hata kamba."

"Kuruka hakuruka," mama mmoja akasema kutoka nyuma. "Ila mapaa aliezua, na hakufundishwa na mwenye farasi."

Mwenyekiti akakohoa, akasema hilo ni suala jingine. Akamgeukia mgambo. Mgambo, macho chini, akasema alidhani ni jambazi.

"Jambazi gani anateka wali?" mtu akauliza, watu wakacheka.

Wale wazee wa manung'uniko hawakucheka. Walisema mwenye kosa ni aliyeingia na silaha msibani.

"Ni muhogo," nikasema.

"Silaha ya muhogo," akajibu mmoja wao. "Leo muhogo, kesho nini? Mgeni ametuletea tabia za mjini. Arudi kwao, na shamba lirudi kijijini."

Nilimtazama dada. Kama shemeji angefukuzwa, angemfuata Tabora kwa watu asiowajua, au angebaki na nyumba isiyo na mtu. Hakuwa na la tatu.

Baba yake mgambo akaona mwanya. Alikuwa mzee mjanja. Angeweza kumuuzia kobe viatu. "Mwenyekiti," akasema, "mbona tunajisumbua? Mwanangu Mzigua, huyu Mnyamwezi. Mmoja katania, mwenziwe kamtania. Kesi ya watani tangu lini inakaa barazani?"

Nikahisi mtego ukifunga. Shemeji akisema ndiyo, ni utani, basi mkono wake umevunjwa kwa mzaha na hana wa kumlalamikia. Akisema sio utani, basi na yeye hakuwa mtani pale uani, alikuwa mtu aliyevamia msiba.

"Ndugu," mwenyekiti akamuuliza, "ulikuwa utani au haukuwa?"

Shemeji aliutazama mkono wake kwa muda. Kisha akacheka. "Utani, mwenyekiti. Ila nyinyi Wazigua, utani wenu mnaupika pamoja na mifupa."

Ghala zima likapumua na kucheka. Watu walianza kuinuka, kila mmoja anapangusa pumba.

Dada akasimama. "Mwenyekiti, samahani. Mimi ni kabila gani?"

"Swali gani hilo, binti yangu? Wewe Mzigua, wa hapahapa."

"Na huyu mgambo?"

"Mzigua."

"Kwa hiyo ni mtani wangu?"

"Hapana. Huyo ni ndugu yako."

"Basi mimi sikucheka," dada akasema. "Mume wangu amecheka, ni haki yake, yeye ndiye mtani. Mimi nina shamba, mvua zinakuja, na mkono uliokuwa unalima ameuvunja ndugu yangu. Ndugu hanitanii. Ndugu namshtaki."

Waliokuwa wameinuka wakakaa tena. Baba yake mgambo alifungua mdomo, akaufunga. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu uhuru. Ikaamuliwa shemeji asiguswe wala shamba lake lisiguswe, na mgambo alilime mpaka hogo litakapofunguliwa. Gari la sinema nalo likapigwa marufuku kijijini, ingawa halikuwapo kujitetea.

Mgambo alilima. Alikuja kila alfajiri kabla ya jogoo kukumbuka kazi yake, hakumwamkia mtu, akashika mstari. Shemeji alikaa barazani na hogo lake, akimtazama, na hakumtania hata kwa neno moja. Hilo kwa yule bwana lilikuwa sawa na kuacha kula.

Siku moja dada alinituma nimpelekee mgambo maji. Nilimkuta katikati ya shamba, ameegemea mpini. Hakupokea kata.

"Nilimjua," akasema.

"Ulimjua nani?"

"Shemeji yako. Nilimjua tangu alipoingia uani. Hata muhogo niliuona, ncha yake ilikuwa na udongo."

"Sasa ulipiga kwa nini?"

"Nilikuwa nimeshapanda juu ya ua. Watu walikuwa wameshaniona."

Nilitaka kumuuliza kama ni stelingi aliyempandisha pale, au ni kile kikosi cha kuezua mapaa, au ni vile vicheko vya akina mama alivyotaka viwe vyake. Nilitaka kumuuliza pia, siku ile alipokuwa juu ya paa letu, nani alikuwa anamtazama. Lakini uso wake ulikuwa unaniuliza mimi maswali hayohayo, kama tulivyokuwa tukitazamana darasani neno likitushinda wote wawili.

"Wewe," dada akamwita kutoka mlangoni. "Huo mstari umepinda. Rudia."

Akainua jembe, akarudi mwanzo wa mstari. Nami nikabaki na kata ya maji mkononi, sijui nimfuate nayo au niimwage.