Sahani Tupu za Kukhu

Juzi nilikuwa nimepiga magoti chini ya sinki letu hapa Bungoma, nikifungua ile sehemu ya paipu iliyopinda kama kiwiko, ugali uliooza ukanirukia kifuani. Harufu yake ingeweza kufika Webuye kwa miguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mke wangu alikimbilia nje akiwa ameziba pua kwa leso. Mimi nilibaki pale pale, maji meusi yakinichuruzika hadi kwenye viwiko, maana harufu hiyo naifahamu tangu nikiwa na miaka tisa.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Tuwan, kule Kitale, mimi na Mama peke yetu, katika nyumba ya vyumba viwili yenye jiko dogo na sinki. Mimi niliyezaliwa Malakisi, ambako tuliosha vyombo nje kwenye karai, niliona tundu la sinki kama muujiza. Unamwaga, linameza, halina swali. Mama alikuwa akichambua mahindi kwenye ghala moja mjini, akirudi jioni na vumbi jeupe hadi kwenye kope. Kuosha vyombo kulikuwa kazi yangu.

Ndipo likizo moja ya Aprili, Kukhu akaletwa kwetu kutoka Malakisi. Kukhu ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake Mama. Tumbo lilikuwa limemsumbua miezi mingi, na daktari alisema dawa zake haziwezi kumezwa na mtu asiyekula. Kwa hivyo Mama alimpikia alichokipenda, ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo, mweusi na mzito. Sisi wengine tulikula ugali mweupe. Ule mweusi ulikuwa wa Kukhu peke yake.

Kukhu hakuutaka. Alichotaka ni kwenda nyumbani. Aliulizia ng'ombe wake, akaulizia shamba kama limepandwa, akaulizia hata mlango wa jikoni kwake ambao haukuwa na ubaya wowote. Siku moja asubuhi Mama alisimama mbele yake, mkoba wa kazi begani.

"Mayi," alimwambia, maana ndivyo alivyomwita mama yake, "maliza sahani yako wiki nzima, mchana na jioni. Jumapili nitakupeleka Malakisi mimi mwenyewe."

"Ati wiki nzima?"

"Siku saba tu. Si nimesema?"

Kukhu alimtazama akitoka. Alipotokomea, akaniita. "Papa," alisema, jina alilowaita wajukuu wake wote wa kiume, "wewe unaweza kula sahani mbili?"

Mchana huo nilikula sahani mbili. Tumbo likavimba hadi nikadhani kitovu kitafyatuka kivunje dirisha. Jioni sikuweza tena. Na kwenye ndoo ya taka hatungeweza kutupa, kwa sababu Mama ndiye aliyeimwaga na macho yake yalikuwa ya kuchambua mahindi, hayaruki kitu. Tukatazamana, mimi na Kukhu. Kisha sote wawili tukatazama sinki.

Lazima niwaeleze Kukhu alikuwa mtu gani. Kule kwake, sufuria ya ugali haikuguswa na maji kabla haijakwanguliwa vizuri kwa gunzi la mahindi. Ukoko na makombo waliitiwa kuku, na kuku wa Kukhu walinenepa mpaka ungedhani ni mbuzi wenye mabawa. Maji ya kuoshea vyombo yalibaki safi kiasi kwamba yalimwagiwa sukuma wiki. Mtoto aliyethubutu kumwaga punje moja ya chakula na maji alisikia jina lake likiitwa kwa sauti ya kuvuka mto.

Mtu huyo ndiye aliyeegemea mlango wa jikoni Tuwan, shuka mabegani, akanitazama nikivunjavunja ugali wa wimbi kwa vidole na kuusukuma ndani ya tundu. "Hapa hakuna kuku," alisema polepole, kama anayeomba msamaha. "Sukuma, papa. Ongeza maji."

Tulifanya hivyo siku tano. Kila jioni Mama alikuta sahani tupu, akaishika, akaigeuza kwenye mwanga, akasema, "Asante, Mayi." Kukhu alinikonyeza. Alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye leso, fundo limekazwa.

Jumamosi, siku ya sita, maji yakakataa kushuka. Yalisimama kwenye sinki, kahawia, na mafuta yakielea juu. Mama alikuwa nyumbani mchana huo. Alimwita Fundi Barasa, jirani yetu, akaja na spana yake na mdomo wake. Aliweka karai chini, akafungua paipu. Kilichotoka kilianguka kwa kishindo.

"Mama, nyinyi mnakula ama mnaweka akiba?" Barasa alicheka. "Hii si paipu, bana, hii ni ghala! Ugali ukikutana na mafuta humu ndani unakuwa simiti. Sahani ifutwe kwanza, makombo yaende kwa ndoo. Na utafute kachujio hapo kwa tundu."

Mama hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amechuchumaa juu ya karai, akiligeuza lile donge kwa mpini wa mwiko.

"Hii ni ya wimbi," alisema.

Barasa akaacha kucheka. Mimi nilikaza shavu nikingoja kofi.

"Usimguse mtoto," Kukhu alisema kutoka mlangoni. "Nilimtuma mimi."

Mama aliuweka mwiko chini. Kisha akanawa mikono kwenye ndoo, akaifuta kwenye gauni, akaenda kumsaidia Kukhu kuketi. Hakuna kofi lililokuja. Jumapili, baada ya chai, alimpeleka Malakisi kama alivyoahidi.

Kukhu alizikwa kabla mahindi hayajafika magotini. Nami niliamini nimemuua. Niliibeba imani hiyo miaka na miaka, hata nikiwa baba mwenye ndevu katika darasa la jioni, nikimaliza kidato cha nne miongoni mwa wazee wenzangu. Mwalimu akieleza mwili unavyotumia chakula, mimi nilimwona Kukhu na shuka yake, nikashindwa kuandika.

Juzi, baada ya kuifunga tena paipu na kuoga mara tatu, nilimpigia Mama simu. Nikamuuliza kwa nini hakunichapa siku ile.

"Nilikuwa nikimwogesha kila asubuhi," akasema. "Mbavu zake nilizihesabu kwa mikono yangu. Mtu anayemaliza ugali wa wimbi mara mbili kwa siku hawi hivyo. Siku ya tatu nilijua."

"Sasa mbona ulikuwa unamshukuru?"

"Nilijua hatapona, nikataka Jumapili ifike," alisema. "Bila sahani tupu, ningewezaje kumrudisha nyumbani akafie huko?"