Mke wa Seremala na Lori la Sabuni

Dada yangu mkubwa ndiye aliyemtunga Mke wa Seremala. Alikuwa ameachika, amerudi kuishi nasi Msambweni, miaka ile bendera ilipokuwa bado mpya na kila mwanamume akizungumzia kazi za mjini. Akimwigiza kwenye harusi, uani, mbele ya wanawake peke yao.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Seremala anaitwa kazini Mombasa. Mkewe, kwa kuogopa kuachwa, anazitupa zana zake kisimani alfajiri ya safari. Mume anaikosa kazi, anadhoofika, na yule mke anamuuguza kwa mapenzi ya kweli mpaka anamzika, asimwambie neno. Dada alipopiga magoti akawa anasema na kisima, ua mzima ulinyamaza. Baadaye ubishi ulianza, ukaendelea mpaka sufuria zinaoshwa.

"Yule ni shetani," mama alisema.

"Shetani hauguzi mtu hivyo," shangazi alimjibu.

Mimi, mdogo wake wa kike, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na vitabu nilikuwa nimevisoma kiasi changu. Sikuwa nimekutana na mtu wa kubuniwa aliyenisumbua kama yule mwanamke.

Kisha likaja lori la sabuni, lile lililokuwa likionyesha sinema ya bure uwanjani. Bwana wa matangazo, kijana wa Mombasa mwenye adabu zake, alikuwa amesikia sifa za dada huko Kwale. Alibisha hodi, akamwamkia mama shikamoo, akaeleza haja yake. Alitaka sauti tu. Dada hataonekana na mtu.

"Mke wa Seremala anapendwa," alisema. "Tutamfanya afue shati la mumewe. Mume alikuwa hakai nyumbani. Akiona shati linavyong'aa, hatoki tena."

"Na kisima?" dada aliuliza.

"Kisima tukiache, dada yangu. Mtu hanunui sabuni kwa mwanamke mwenye majuto."

Nilidhani atamfukuza. Badala yake dada akauliza, "Atasikika mpaka wapi?"

"Kinondo, Kombani, Kwale yote. Inshallah mpaka Mombasa."

Akakubali. Sikumlaumu. Alikuwa hajawahi kusikika nje ya ua wa harusi.

Msimu ule sauti yake ilipita kila barabara. Ubavuni mwa lori walikuwa wamechora mwanamke mnene wa uso, anacheka, leso imemkaa sawasawa. Watoto waliuimba wimbo wake wa sabuni wakienda kuchota maji. Dada naye alifurahi. Nilimwona akisimama mlangoni kusikiliza mpaka lori lipotee.

Halafu tukaalikwa harusi Kinondo. Aliamua kuigiza kisa chake cha zamani, chote. Alipopiga magoti mbele ya kisima, msichana mmoja akapaza sauti: "Muulize kama kina sabuni!" Ua ukalipuka kwa kicheko. Halikuwa jambo la ubaya, walimpenda. Wakaanza wimbo wa tangazo, makofi yakafuata.

Dada alibaki magotini. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akatabasamu, akawaimbia walichotaka tangu mwanzo hadi mwisho.

Njiani nilijaribu kumfariji. "Walifurahi sana leo."

"Ndiyo," alisema. "Zamani walikuwa wakiniogopa."

Hakumwigiza tena. Mara mbili tatu nilimsikia jikoni akianza kumtunga mwanamke mwingine, sauti ya chini, kisha anakatiza na kuita mtu amletee kuni. Lori nalo liliacha kuja. Ikaingia sabuni nyingine, na ule wimbo ukasahaulika.

Alifariki wakati wa masika, homa ya siku chache tu. Waliokuja matangani walimsifu: mpole, msafi, mtu wa watu. Hakuna aliyesema uongo. Lakini alikuwa pia na wivu mkali, na ulimi wa kuchoma. Aliwahi kuniambia kwamba mume wake wa zamani angali anamwombea dua mbaya, kila Ijumaa, na kwamba ikikosekana dua hiyo atajiona mpweke. Nilitaka kuwaambia hayo wale wanawake waliokaa mkekani. Nikaona nyuso zao zimetulia. Nikaendelea kupokea mikono ya rambirambi.