Kanga Nne na Tumbo Lililokatwa

Kati ya siku zote nilizoishi, mwanangu, ipo moja ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau. Ni siku niliyosimama mbele ya duka la kijiji, jua la saa saba linanichoma utosini, nimejifunga kanga nne chini ya gauni, na wanawake wenzangu wananikodolea macho kiunoni. Walikuwa na sababu ya kunitazama hivyo. Lakini nitafika huko, usiniharakishe.

Nakusimulia haya kwa sababu nimekuona. Tangu utoke Dar es Salaam ulikopunguzwa tumbo, ukaja kupumzika kwangu hapa Lindi, mimi macho yangu bado yanafanya kazi. Mwanzoni ulikula kama ulivyoelekezwa, na kila asubuhi ulitembea mpaka pwani ukarudi. Sasa hutoki. Kioo umekigeuza kitazame ukuta. Majirani wakikuambia umependeza, unaingia ndani na kuninong'oneza, "Mama mkubwa, wananicheka hao." Na chini ya kitanda chako yapo makaratasi ya biskuti na chupa za soda. Usiniulize nilifuata nini chini ya kitanda. Mimi ni mtu wa kushuku tangu kuzaliwa. Hata muuza samaki akinipunguzia bei, namnusa samaki mara mbili.

Ulikubali kisu kwa sababu sukari ilianza kukuandama kama ilivyomwandama mama yako, mdogo wangu, naye tumemzika. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii urembo. Ukiuacha mwendo ulioanza, najua unakokwenda, na sipendi.

Mimi nami nilikatwa tumbo. Si kwa kutaka kupungua. Enzi zetu ungemwambia mtu kuna dawa ya kukonda angekuombea dua. Nilikuwa bibi harusi wa juzijuzi, mnene, mikono imejaa, nikipita wazee wanasema mashallah. Unene wa mke ulikuwa sifa ya mumewe, na Saidi, mume wangu, alitembea kifua mbele kwa ajili yangu. Kisha donda la tumbo likanishika. Siku moja nikatapika damu, wakanibeba kwa machela mpaka barabarani, likapatikana lori la kunifikisha hospitali ya misheni. Huko daktari alikata kipande cha tumbo akakitupa. Nilipoweza kukaa akaniambia nile kidogo, mara nyingi kwa siku, nitafune mpaka chakula kiwe kama uji, nisishushie maji. "Ukilijaza kama zamani," alisema, "litakurudisha hapa kwa machela ileile."

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Tuliletwa kando ya barabara, si mbali na Mingoyo, tukachanganywa Wamwera, Wamachinga na Wamakonde, nyumba zimepangwa kwa mistari, na kila mmoja hajui jirani yake kaja na nini moyoni. Shamba letu moja, duka letu moja, na siku za palizi tulikula pamoja hukohuko shambani, wanawake sinia moja, wanaume sinia lao. Sinia lile ndilo lililotufanya tuaminiane. Anayekula kando, ama anaogopa kulishwa kitu, ama yeye ndiye mwenye kitu cha kuwalisha wenzake. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti, lakini hakuna asiyelijua.

Nikarudi pale nimekonda. Mashavu yameingia ndani, ngozi ya mikono inaning'inia, gauni linanipwaya kana kwamba nimeazima. Jirani yangu Zena, tuliyepakana naye ukuta, akaja kunijulia hali. "Shoga, umepungua," akasema. Maneno mawili tu, mwanangu, nami nikayageuza usiku kucha. Kasema kwa huruma au kwa furaha? Kwa nini alinitazama mikono? Atakwenda kusema nimerogwa, au nina kifua kikuu, au Saidi hanilishi. Nikamshuku Zena, nikawashuku waliocheka kisimani, nikawashuku hata walionyamaza.

Saidi nilimshuku kuliko wote. Kila asubuhi aliniletea yai la kuchemsha bila kuombwa. Mume anayekuletea yai bila kuombwa, nilijiambia, ana lake jambo. Nikaamini anataka kuoa mke mwingine mwenye nyama, na yai ni la kunipoza nisipige kelele. Nililila yai lile kwa uchungu.

Basi nikatafuta ujanja. Nikajifunga kanga kiunoni chini ya gauni, nikapata nyonga. Nikaongeza nyingine kifuani. Na kwenye sinia nikajikaza kula kama wengine, tonge kwa tonge, ugali wa muhogo na kisamvu, ili asinione mtu nikinawa mapema. Robo saa haikupita, moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka, macho yanaingia kiza. Nikajifanya naenda haja, nikatapika nyuma ya mikorosho. Kadiri nilivyotapika ndivyo nilivyokonda, na kadiri nilivyokonda ndivyo nilivyoongeza kanga. Zikafika nne. Nikalima na kanga nne katika jua la Lindi, nikitabasamu.

Sasa sikiliza lililotokea. Zikaja habari kwamba bunda la kanga la duka la kijiji halionekani. Kanga zile zilisubiriwa na kila nyumba, na wakati ule nguo haikuwa kitu cha kuokota. Watu wakaitwa mbele ya duka. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole asiyependa makubwa, akauliza kama kuna mwenye kujua lolote. Zena akasimama.

"Mwenyekiti, mimi simsingizii mtu," akasema. "Lakini huyu Binti Selemani mkono wake ni mwembamba kama mwiko, na kiuno chake kila siku kinakua. Mimi ni mwanamke, najua kiuno na najua nguo. Pale pana nguo."

Macho yote yakaja kwangu. Saidi akanigeukia, na katika uso wake sikuona hasira, niliona anasubiri niseme kitu, chochote. Mwenyekiti akaniambia kwa adabu, "Ndugu, ingia ndani na akina mama wawili wakutazame, mambo yaishe." Kitu rahisi kabisa. Kanga zilikuwa zangu, kila moja. Ningeingia, wakaziona, nikatoka na heshima yangu.

Nikakataa. Niliyapima yote mawili palepale juani: kuitwa mwizi, au kuonekana nilivyo. Nikasema, "Niandikeni mwizi." Niliona Saidi akiinamisha kichwa. Mwizi wa mali ya kijiji hakukaa kijijini, na mumewe hakukaa pia. Nilikuwa namtoa mume wangu kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, ili tu watu wawili wasione mbavu zangu. Ndipo aibu ya mwili inapoweza kumfikisha mtu, mwanangu, na ndiyo maana nimeona nikuambie mapema.

Aliyeniokoa ni Bi Asumini, somo yangu, mama aliyenicheza unyago na kunifunda mpaka nikaolewa. Alikuwa amehamia kijijini pamoja nasi. Alipita katikati ya watu, akanishika mkono bila kuniuliza, akamwita na Zena, tukaingia stoo ya duka sisi watatu. Nikamwambia, "Shikamoo somo, nakuomba, huyu asiingie."

"Marahaba. Ataingia," akasema. "Yeye ndiye aliyesema, yeye ndiye atakayeona."

Akanivua gauni, akazifungua kanga moja moja. Ya kwanza aliyataja maneno yaliyoandikwa juu yake kabla hajaitandaza, kwa kuwa ndiye aliyenipa nilipotoka ndani ya unyago. Ya pili ya harusi yangu. Mbili za mwisho za marehemu mama yangu, zimechakaa hadi zinaonyesha upande wa pili. Kisha nikabaki mimi, mifupa na kovu refu toka kifuani hadi kitovuni. Zena akaziba mdomo. Nililia kwa hasira, maana nilijua huyu atatoka hapa na kwenda kusimulia.

Bi Asumini akaweka kiganja juu ya kovu, mkono wake umekakamaa kwa jembe. "Mwali wangu, mimi nilikuogesha. Unanificha nini? Mficha uchi hazai. Unakula kama daktari alivyokuagiza?"

Nikasema hapana, nakula kama wenzangu, kisha natapika.

"Basi mwizi tumempata," akasema. "Anakuibia uzima wako kila mchana, nawe unamvalisha kanga. Unamshuku Zena, unamshuku mumeo, kijiji kizima unakishuku. Mbona hujamshuku huyo anayekunong'oneza kichwani kwamba mwili uliokutoa kaburini ni wa kufichwa?"

Nikavaa gauni langu. Tukatoka. Zena akasema mbele ya watu, "Ni zake," kisha akaenda nyumbani kwake. Baadaye ikajulikana kwamba bunda lile liliteremshwa na lori kijiji kingine kwa makosa.

Na Zena, je, alisema aliyoyaona? Alisema. Nilijua atasema, na kabla ya magharibi kijiji kizima kilijua Binti Selemani amekatwa tumbo na hawezi kushiba. Lakini kesho yake, sinia lilipowekwa shambani, pembeni palikuwa na kibakuli. Ndani yake mbaazi zilizopondwa na kipande cha samaki kisicho na miba. Zena akakisogeza mbele yangu, palepale kwenye sinia, nisile kando. "Kula taratibu, shoga," akasema, "sisi tutakungoja." Wakaningoja kweli, wameshanawa mikono, wanazungumza habari za nguruwe waharibifu, mpaka nilipomaliza. Nilishindwa kumtazama Zena usoni. Nilikuwa nimepatia kwamba watu watasema, nikakosea nilipodhani maneno yao yataniua.

Saidi naye nilimuuliza habari ya yai. Nilimuuliza kwa sauti ya mpelelezi, nakiri. Akanishangaa. "Daktari aliniagiza," akasema, "ulikuwa bado umelala na dawa. Nilidhani unajua." Ndilo lake jambo lote alilokuwa nalo.

Usidhani nilizivua kanga zote siku ile. Nilivua moja, baada ya muda nyingine. Zipo asubuhi nilizoamka sitaki uji, sitaki yai, sitaki kuona mtu, na Bi Asumini alikuja akakaa kizingitini akachambua mboga zake mpaka nile. Hakunisifu hata siku moja. Mwili wa zamani haukurudi, na ngozi ya mikono hii haikukaza tena mpaka uzee ulipokuja kuikuta hivyohivyo. Sikuupenda upesi mwili ule mpya. Nilianza kwa kuutunza, kama unavyomtunza mgeni ambaye hujamzoea, na kuupenda kukaja polepole kwa nyuma. Hata leo zipo siku hakuji, nami nakula vilevile.

Sasa hili ndilo neno langu kwako. Tumbo limekatwa mara moja, lakini kuishi nalo ni kazi ya kila siku, na hamu ya kazi hiyo itakuja na kuondoka. Usiingoje. Kula ulichopangiwa hata siku ambayo huoni faida, maana haba na haba hujaza kibaba. Tembea hata ukiwa umenuna. Kliniki uliyoikwepa mara mbili, nimejua, utakwenda, na hizo biskuti na soda utamweleza daktari kwa mdomo wako mwenyewe. Hutakuwa wa kwanza kumwambia. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kuhusu watu, sikuambii uwaamini wote. Mimi mwenyewe siwaamini. Lakini ukimshuku mtu, muulize. Na chagua mmoja umwonyeshe ngozi iliyolegea, kovu, mizani inayokataa kushuka, yote. Akikuambia jirani umependeza, sema ahsante na uendelee na safari yako. Ulipokuwa mnene walisema, umekonda wanasema, na ukirudia unene watasema tena. Ukiwafuata hao utabadili mwili kila wiki. Sauti ya kushuku kuliko zote ni ile inayokuambia kwamba mwili huu haustahili kutunzwa mpaka upendeze. Hiyo, mwanangu, usiifungulie mlango.

Mwenyezi Mungu akupe siha na subira, akufanye mwepesi wa mwili na mwepesi wa moyo, akukinge na maradhi yaliyomchukua mama yako. Mdogo wangu nilimwosha kwa mikono hii nikamvika sanda. Nimeshafanya zamu yangu. Wewe uishi, uzeeke, na siku yangu ikifika uje unioshe mimi. Amin.