Kale Kanukta kwenye Televisheni

Ilianza Jumamosi saa nane mchana, nyumbani kwa rafiki yangu niliyekuwa nikikaa naye dawati moja. Babake alikuwa na duka la vitambaa mjini Nakuru, na waliishi juu ya duka hilo. Mimi nilikuwa nikilala bwenini shuleni. Shule ilituruhusu kutoka Jumamosi kwenda kucheza, si kutazama sinema wala televisheni. Ukikamatwa, hutoki tena mpaka muhula uishe. Nami bwenini sikuwa na mtu wa kuongea naye, kwa hivyo niliishi nikiingojea Jumamosi tu.

Mjomba wake alikuwa amerudi kutoka Uingereza na kisanduku chenye swichi mbili za kuzungusha, kama za redio. Hakuna aliyejua kinaitwaje. Ukikiunganisha na televisheni, unaona vijiti viwili na kanukta kanakorukaruka katikati. Unazungusha swichi, kijiti chako kinapanda au kinashuka, unakapiga. Basi. Nyanyake aliniambia niketi, akashika swichi ya pili. Alinichapa mara nne, na hata sari yake haikuteleza begani.

Rafiki yangu alinisindikiza akinifundisha cha kusema: eti tumecheza tenisi ya mezani. Lakini mimi nikidanganya hutokwa na jasho puani, kila mtu anajua. Langoni mwalimu wa zamu akaniuliza nilikuwa nikifanya nini huko. Nikatazama viatu vyangu, nikamwambia yote.

"Kwa hivyo mlikuwa mnatazama televisheni," akasema, akitoa kalamu aandike jina langu.

"Hapana, mwalimu. Televisheni hata nikilala inaendelea tu. Hii nikilala, kale kanukta kananipita."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Tangu kidato cha kwanza sikuwa nimemjibu mwalimu yeyote kwa urefu huo. Akasema kama ni mchezo, lazima kuna aliyeshinda.

"Yuko. Ni nyanyake rafiki yangu."

"Nyanya wa miaka mingapi?"

"Hana meno, mwalimu."

Akafunika mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika. Alipopata sauti, alisema mtu hawezi kushindwa na nyanya kwa kutazama tu. Kalamu ikarudi mfukoni. Jumamosi ijayo niende, lakini nisije kumwambia nimechapwa tena.

Asubuhi iliyofuata, wenzangu wakijitayarisha kwenda kanisani, mimi nilikaa kitandani na mkebe wa polishi ya viatu, nikizungusha kifuniko kushoto, kulia, polepole, halafu haraka.