Salamu Zikakaa Mwisho

Mche wa chai ukiwa kitaluni hauna subira. Kichaka chenyewe kinaweza kuishi miaka mingi kuliko aliyekipanda, lakini mche ulio ndani ya kifuko cheusi cha nailoni una muda wake. Mizizi ikifika chini na kukosa udongo mpya, huanza kujizungusha, na mche wa namna hiyo hata ukiupanda penye rutuba hudumaa. Ndiyo maana msimu ule mume wangu alikuwa na wembe mfukoni. Kila asubuhi alipasua kifuko kimoja, akatazama mizizi. Mimi nilitazama uso wake, kwa sababu ulisomeka haraka kuliko mizizi.

Nilikuwa nimeacha kufundisha baiolojia ili tufanye kazi ya miche pamoja, hapa juu kidogo ya Mogogosiek. Jasho letu lote lilikuwa limepangwa chini ya neti nyeusi ya kivuli. Majirani walikwisha kupanda zamani. Waliohitaji miche walikuwa mbali, upande wa Nandi na Nyamira, na hao hawakujua kwamba tupo. Mvua ya masika ikipita kabla hawajatujua, miche yote ingekuwa kuni, tena kuni mbaya.

Tulikuwa na tovuti. Niliijaza maelezo kwa bidii ya mwalimu: kuchimba shimo, kutia mbolea, kupogoa. Lakini ukitafuta miche ya chai kwenye simu, sisi tulitokea huko chini kabisa ambako hakuna mtu anayefika.

Acha nieleze kidogo hapa, maana hata mimi nilichelewa kuelewa. Mtambo wa kutafutia habari mtandaoni hauwezi kuja huku kwetu Konoin kukagua miche yetu. Unachoweza ni kuangalia nani mwingine anakutaja, na kama ameweka kiungo, yaani yale maneno ambayo msomaji akiyagusa yanamleta kwako. Ni kama mambo ya posa. Kijana hajipeleki mwenyewe kwa wakwe akaanza kujisifu. Wanaokwenda ni watu wanaojulikana, na kwa sababu wao wanajulikana, mlango unafunguliwa. Gazeti linaloaminika likikuwekea kiungo, limekwenda kukusemea. Kuna wanaouza viungo pia. Mmoja alinipigia simu akaniahidi viungo tele kutoka kurasa ambazo sijawahi kuzisikia. Niliona ni sawa na kukodi wazee wasiokufahamu waende kukuposea. Nikamshukuru, nikakata simu.

Njia niliyoichagua ilikuwa ya polepole. Kuna kundi mtandaoni ambamo waandishi wa habari hutafuta watu wa kuwaeleza mambo. Mmoja anataka daktari wa mifugo, mwingine anataka fundi wa maji. Ukimjibu vizuri anakunukuu, na mara nyingi anaweka kiungo cha kwako. Nilikuwa nimejibu maswali kadhaa ya kilimo. Hakuna hata mmoja aliyenirudia.

Kisha ikanyesha mvua ya mawe. Kwetu mawe si habari, lakini yale yalipiga ukanda mpana, yakaacha vichaka vimesimama kama kuku walionyonyolewa. Neti ililegea ila haikuchanika, na kitalu kikapona. Kesho yake mwandishi mmoja wa gazeti akauliza kundini: ni nani anaweza kumweleza mkulima mdogo la kufanya na chai iliyopigwa na mawe? Alitaka majibu kabla ya jioni.

Nilikaa mezani nikaandika. Nilipomaliza, jirani yetu aliingia kuchukua maziwa. Ni karani kwenye kiwanda cha chai, mama aliyetoka kando ya ziwa akaja huku kikazi, akabaki. Nikampa simu asome.

Alisoma akiwa amesimama, chupa ya maziwa kwapani. Aliteremsha kidole, akateremsha tena.

"Mwalimu," akasema, "hii ni jibu ama ni barua ya uchumba?"

"Kwani iko na shida gani?"

"Umemuuliza habari ya nyumbani. Umemuuliza kama kwao kumenyesha. Umemshukuru Mungu. Umemtakia safari njema, na huyo mtu hasafiri. Mawe iko wapi?"

"Iko chini."

"Chini wapi? Mimi nimefika chini."

"Iko hapo chini ya salamu," mume wangu akasema kutoka mlangoni. "Wewe ni mgeni, utazoea."

"Mgeni? Nimekaa hapa kuliko ng'ombe zako zote."

Kisha kidole chake kikatua kwenye sentensi moja, akaisoma kwa sauti: "Mimi si mtaalamu sana, pengine mngewauliza watu wa kiwandani." Akanitazama.

"Mwalimu, mimi niko kiwandani. Huyu mtu akija kuuliza, mimi ndiye atanikuta kwa ofisi, na nitamwambia aende kwako. Si utakuwa umemzungusha bure?"

Nilijaribu kumweleza. Kwetu mtu haingii kwenye boma la mtu akaanza na shida yake. Anaulizwa, anajibu, anauliza naye, maziwa yanakuja, ndipo neno linatoka. Na anayesema "mimi najua" hutazamwa kwa jicho la pembeni. Nililelewa hivyo, na niliwafundisha wanafunzi wangu hivyo.

"Kwetu," akasema, "mtu akitaka kusikizwa kwa sherehe, anawapa wapiga muziki kitu wasimamishe ngoma, halafu anajisifu mpaka atosheke. Mimi sikuambii utoe kitu. Sema tu kweli, na useme mapema. Huyo mtu ako na barua nyingi za kusoma."

Nikafuta yote. Sentensi ya kwanza ikawa: usipogoe sasa. Nikafuata na sababu, kama ninavyowaeleza wateja. Kichaka kilichopoteza majani bado kina akiba ya chakula kwenye mizizi, na akiba hiyo ndiyo itakayotoa machipukizi. Ukikimbilia panga kwa hasira, unakiongezea jeraha juu ya jeraha. Ngoja uone vichipukizi vipya, ndipo usawazishe meza ya kuchumia, yaani ule usawa wa juu wa kichaka. Halafu nikasema mimi ni nani: nimefundisha baiolojia kwa miaka, na sasa nalea miche ya chai. Nilipoandika hayo masikio yaliniwaka moto, ingawa hapakuwa na uongo hata kidogo.

"Acha salamu hata moja," mume wangu akasema. "Asidhani tumegombana."

"Moja," jirani akakubali. "Na ikae mwisho."

Nilituma. Nilijiona kama mtu aliyeingia nyumba ya watu na kujifunulia sufuria kabla ya kusema hata chamge, salamu yetu.

Mchana ule ule simu ililia. Alikuwa yule mwandishi, sauti ya kijana, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Habari ya huko, mama? Mawe imesimama?" Nikacheka, mabega yakashuka. Kumbe salamu hazikupotea, zilitangulia kunisubiri upande wa pili. Tuliongea vizuri. Aliniuliza hasara ya wakulima wote ni kiasi gani, nikamwambia sijui, na kwamba mapema hivi yeyote atakayempa hesabu anakisia. Akasema, "Sawa, hiyo inanisaidia pia."

Habari ilitoka. Maneno yangu yalikuwemo, hayakupindwa, na kitalu chetu kilitajwa. Ila kiungo hakikuwepo. Ungegusa jina letu mpaka kidole kichoke, usifike popote. Asubuhi hiyo mume wangu alipasua kifuko chake, akasema, "Mizizi iko karibu na chini."

Niliona aibu kumwandikia tena yule mwandishi. Mtu amekukaribisha mezani, umekula, sasa unaomba kingine? Lakini nilipofikiri vizuri, niliona si mimi ninayeomba peke yangu. Msomaji aliyeambiwa angoje vichipukizi angetaka kujua vinafananaje, na kwenye tovuti yetu nilikuwa nimeweka picha za vichaka vilivyopigwa mawe miaka ya nyuma vikipona, hatua kwa hatua. Nikamwandikia hivyo: asante kwa kuandika kwa uangalifu, na wasomaji wakitaka kuona picha, ukurasa ni huu. Salamu moja, mwisho. Asubuhi iliyofuata nilifungua gazeti kwenye simu, nikakuta jina letu limegeuka rangi ya buluu, rangi ya kiungo. Niliweka simu juu ya friji nikaketi. Pumzi niliyoitoa hapo nadhani nilikuwa nimeishika kwa wiki kadhaa.

Sitamdanganya mtu kwamba siku hiyo tulipanda juu kwenye matokeo ya utafutaji. Hilo lilikuja taratibu, baada ya miezi, na viungo vingine viwili vitatu nilivyovipata kwa njia ile ile. Wewe ukijaribu, usivunjike moyo mapema. Kilichotuokoa msimu ule ni wasomaji wenyewe waliogusa yale maneno ya buluu. Wa kwanza kufika hakutoka Nandi wala Nyamira. Alikuwa mwanamume wa makamo kutoka Kapkatet, hapo karibu tu. Binti yake anayefanya kazi mjini ndiye aliyemtumia ile habari.

Aliketi. Akauliza habari ya nyumbani, tukajibu. Akauliza habari ya mvua, ya ng'ombe, ya kanisa, ya barabara. Nilimmiminia chai, nikasikiliza kila salamu huku moyo ukinidunda, nikimwelewa kwa mara ya kwanza yule mwandishi na wingi wa barua zake. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Sasa," akasema, "ile miche."

Mume wangu alipasua kifuko mbele yake. Mizizi ilikuwa imegusa chini, haijajizungusha. Mgeni aliigeuza kwenye mwanga, akasema atakuja na pikapu, na ndugu yake pia anataka. Baada yake likaja lori kutoka Nyamira, kisha simu zikawa zinaita tukiwa bado tunapakia.

Mvua ya masika ilikuta neti imefunika udongo mtupu. Mume wangu aliutoa ule wembe mfukoni, akautazama, akaenda kutafuta kioo na sabuni. Ndevu zake zilikuwa zimemea muda mrefu, na wala hatukuwa tumeziona.