Alichojifunza Abdulhadi

Sihaba alitoka Unguja kwenda Guangzhou, China, kusomea udaktari kwa ufadhili wa serikali, akamaliza, akabaki. Mwaka 1997 alikuwa katika maabara ya Profesa Liang, akitafiti kumbukumbu. Panya walitiwa kwenye beseni kubwa la maji watafute kijukwaa kilichofichwa chini ya maji. Wale walioharibiwa sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya hawakukikumbuka. Lakini wakitiwa kila siku kutoka upande uleule, mwishowe miili yao ilijua njia.

Mumewe, Abdulhadi, alikuwa na ofisi ndani ya jengo la Tianxiu, akiwasafirishia wafanyabiashara wa Dar na Zanzibar mizigo yao kupitia bandari ya Huangpu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, anayejua majina ya watoto wa wateja wake.

Januari iliyofuata baridi ilikuwa kali, Abdulhadi akaoga dirisha likiwa limefungwa. Mtambo wa gesi wa kuchemshia maji ulikuwa humohumo bafuni. Sihaba aliporudi alisikia maji yakimwagika, akaita, kimya. Alipousukuma mlango alimkuta chini, uso mwekundu kama wa mtu mwenye afya, kumbe ni sumu ya hewa ya mtambo ule.

Abdulhadi alizinduka baada ya siku kadhaa. Alimjua mkewe, aliikumbuka harusi yao na waliokuja. Ila jambo jipya halikukaa kichwani. Aliuliza ameletwa lini hospitali, akajibiwa, akashukuru, akauliza tena kabla chai yake haijapoa. Sihaba alizitazama picha za ubongo wa mumewe, na hakuhitaji wa kumweleza.

Walipotoka hospitali, kila asubuhi alimpeleka kwa miguu kutoka nyumbani hadi Tianxiu, kwa njia ileile, upande uleule wa barabara.

"Mumeo si panya," Profesa Liang alimwambia.

"Najua, Profesa. Panya hawaniulizi tunakwenda wapi."

Kufikia katikati ya mwaka Abdulhadi alikwenda peke yake. Ukimuuliza, alisema mtaa ule hajawahi kuuona, na huku miguu ikimpeleka. Sihaba alilia kwa furaha. Profesa, yule aliyempinga, akaomba ruhusa ya kuandika habari zake.

Kisha wajenzi wa barabara wakauziba mtaa kwa mabati. Sihaba alikuwa kazini. Abdulhadi alifika kwenye mabati akageuka, na kutoka hapo alikuwa mtu aliyepotea katika mji asioujua. Alipatikana siku ya tatu huko Huangpu, katikati ya malori ya makontena, miguu imechubuka, akimuuliza dereva kwa adabu meli inaondoka lini.

Ndugu yake, Ussi, alikuja kumchukua amrudishe Unguja.

"Nani alimwacha atoke peke yake?"

"Mimi, shemeji."

Ussi aliendelea kufunga begi la nduguye.

Sihaba alibaki Guangzhou amalizie shahada ya uzamivu aliyoifanyia utafiti kwa Profesa Liang. Kila Ijumaa alipiga simu, na kila Ijumaa Abdulhadi aliuliza, "Unakuja lini?"

"Mwezi ujao," alimjibu. Ukweli ungemuumiza, na uongo angeusahau papo hapo.

Miezi ikapita hivyo. Siku moja Ussi ndiye aliyezungumza.

"Shemeji, hataki kuja kwenye simu. Nikimwambia ni wewe, anatoka nje. Namuuliza kuna nini, anasema hajui, moyo tu unakataa."

Sihaba alikaa na simu mkononi. Abdulhadi hakukumbuka hata ahadi moja, lakini zote zilikuwa zimemfika. Alijua ni vigumu kiasi gani kukifuta kitu kilichoingia kwa njia ile.

Mwishoni mwa 1999 alirudi Unguja bila shahada ile. Abdulhadi alimsalimia kwa jina, akamuuliza habari za safari.

"Nimekuja kukaa," Sihaba alimwambia.

"Haya," alijibu, kama mtu asiyetaka ugomvi, kisha akahamia upande aliokaa Ussi.

Kesho yake Sihaba alimwambia tena, na keshokutwa yake, na siku zilizofuata. Abdulhadi alimsikiliza kwa upole, akiwa amesimama karibu na mlango.