Chai ya Mama na Damu Iliyopungua

Kliniki ilisema damu ya mama imepungua. Kumwongezea kulinigharimu shilingi elfu moja mia nne na hamsini, nimehesabu mara mbili, na damu haikuongezeka. Pesa zilienda kwa bitiruti na soda nyekundu ya kuchanganya na maziwa, kwa sababu mtaani kwetu Ruring'u kila mtu husema kitu chekundu huongeza damu. Niling'ang'ania kupunguziwa bei ya bitiruti hadi muuzaji akaniuliza kama namtunza mama ama mfuko.

Tuliporudi kliniki, muuguzi alisoma kipimo, kisha akamgeukia mama.

"Shosho, bibi yangu, chakula unashushia na nini?"

"Na chai."

"Kila mara?"

"Sasa nishushie na maji kama mfungwa?"

Muuguzi akaeleza kwamba madini ya chuma yamo kwenye maini, maharagwe meusi ya njahi na terere, yaani mchicha, lakini chai ina kitu kinachozuia yale ya mimea yasiingie vizuri mwilini. Akampa vidonge, akasema chai ingoje saa moja ama mbili baada ya chakula. Bitiruti si mbaya, ila wekundu wake si damu.

Terere inaota nyuma ya jikoni kwetu. Tulikuwa tukiing'oa kama magugu. Sasa naipika kila siku, na mama atapona, apende asipende. Chupa ya chai niliificha kwa jirani. Mama aliifuata, akarudi nayo imejazwa.

"Nilikulea na chai hii," akaniambia.

Ninyi wenye mama wa huku kwetu, chai ya chakula cha saa saba mchana mliiondoaje mezani bila kufukuzwa nyumbani?